The Thing (1982): maswali yanayoulizwa kila siku, na majibu yangu mimi

Hii muvi ina miaka zaidi ya 40 saivi lakini itaje tu mbele ya watu watatu walioiona, haziishi dakika tano wameshaanza kubishana. Mi mara ya kwanza niliionea kibanda umiza, benchi la mbao, TV ya chogo, mtafsiri anaongea juu ya sauti yenyewe, na ilipofika mwisho jamaa akatangaza bila hata kupepesa, "huyu mweusi ndo jini mwenyewe, haya tukutane kesho", akazima. Wiki iliyofuata ikawekwa tena, mtafsiri yule yule, safari hii akasema jini ni yule mwenye ndevu. Nikajua kuna moja kalisahau. Miaka mingi baadae nimekuja kuiangalia bila kutafsiriwa ndo nagundua kumbe muvi yenyewe haijasema lolote, jamaa alikua anajiokotea jibu lililomjia siku hiyo.

Kwahiyo hapa nimekusanya maswali ambayo watu wananiuliza kila ninapoitaja. Nimesimulia kila kitu mpaka mwisho, kama hujaiona na unataka kuiona ukiwa mweupe, funga hapa urudi baadae.

Sijaiona na sina mpango, nipe kwa ufupi inahusu nini?

Wanaume 12 wa kituo cha utafiti cha Wamarekani huko Antaktika, majira ya baridi ya 1982, hakuna wa kuingia wala kutoka. Siku moja wanaona helikopta ya Wanorwei inamfukuza mbwa kwenye barafu, jamaa anamfyatulia bunduki. Wanorwei wanakufa, mbwa anapokelewa. Kumbe yule si mbwa, ni Kitu kilichotoka angani kikaganda kwenye barafu miaka na miaka (Norris, mtaalamu wa miamba wa kituo, anakadiria barafu ile ina miaka laki moja na kuendelea), na kazi yake kinameza kiumbe halafu kinakiiga, sura, sauti, kumbukumbu, kila kitu. Kwahiyo swali la muvi nzima ni moja, nani bado mtu?

Dairekta ni John Carpenter, nyota ni Kurt Russell kama MacReady, rubani wa helikopta (ndo yule mwenye ndevu). Hadithi imetoka kwa John W. Campbell, aliiandika 1938. Ilishafanyiwa muvi nyingine 1951 lakini ile waliondoa kabisa habari ya kujigeuza, wakaweka zimwi la kawaida tu linalotembea, yani walichukua wali wakaacha nazi.

Yule Mnorwei mwenye bunduki alikua anapiga kelele gani?

Hili napenda kulijibu maana jibu lipo, tena lipo wazi, ila watu wengine wote pale kituoni hawajui Kinorwei na muvi haikuweka maandishi chini. Anawaambia waondoke, kwamba yule si mbwa, ni kitu kinamuiga mbwa, si kweli, tokeni hapo wapumbavu nyie. Kwa maneno mengine dakika za mwanzo kabisa mtu kashakueleza muvi nzima na hakuna aliyemuelewa. Akamjeruhi Bennings, mmoja wa wale 12, mguuni, Garry mkuu wa kituo akampiga risasi kupitia dirishani, basi. Alaf MacReady mpaka baadae anawaita "Waswidi" na daktari anamrekebisha. Ukikaa na Mnorwei kuangalia hii muvi nasikia wao wanaharibikiwa hapo hapo mwanzoni.

Kile kivuli ukutani, pale mbwa anaingia chumbani, ni cha nani?

Hili ndo swali la kwanza la watu wote. Kumbuka mbwa alizurura kituoni siku nzima, hakuna aliyemjali, mpishi Nauls kafungulia muziki jikoni, mbwa anapita kwenye korido polepole bila kubweka wala kunusa, halafu anasimama mlangoni, ndani kuna mtu, tunaona kivuli chake tu ukutani kinageuza kichwa. Giza. Yule mtu ndo wa kwanza kuchukuliwa.

Walifanya makusudi kivuli kisifanane na mtu. Waliyemsimamisha pale hakua hata mmoja wa wale waigizaji 12, alikua mtu wa kufanya stanti, ili usije ukapima pua na nywele ukajua. Sasa kwa kuondoa mmoja mmoja: Clark, mtunza mbwa wa kituo, ndo alikaa na yule mbwa muda mrefu kuliko wote, kumbe damu yake ilikuja kupimwa akakutwa mtu. Bennings tulimuona anachukuliwa siku ya pili kwa macho yetu. Wanabaki Norris na Palmer, fundi msaidizi, ambao ndo wawili waliokuja kufumuka mbele za watu. Mi kura yangu ni Palmer. Sababu yangu ni tabia, siyo kivuli, nitaifikia chini.

Zile nguo za ndani zilizochanika zilikua za nani?

Watu wengi wanaipita hii sini kwasababu imewekwa kama mzaha. Nauls anapiga kelele kwamba kuna mtu kamtupia nguo zake chafu kwenye pipa la jikoni. Unacheka, unasahau. Baadae sana MacReady yuko peke yake anajirekodi kwenye kinasa sauti, amechoka, ndo anasema anadhani hicho Kitu kikimchukua mtu kinamchania nguo, na zile nguo za ndani zilizokutwa lebo ya jina imetolewa, zinaweza kuwa za yeyote. Lebo imetolewa! Yani kilimchukua mtu, kikavaa nguo nyingine, kikakumbuka na kung'oa lebo. Sasa we unaekaa unasema hiki ni kidudu tu chenye njaa, fikiria tena.

Nani alichana mifuko ya damu?

Daktari Copper anatoa wazo zuri, tuchanganye damu ya kila mtu na damu safi ya akiba iliyofungiwa kwenye friji, ikileta shida tumempata. Wanaenda kufungua, mifuko yote imepasuliwa, damu imemwagika. Na friji haikuvunjwa, ilifunguliwa kwa funguo kisha ikafungwa tena.

Funguo anazo Garry, na daktari anaziazima. Basi lawama zote hapo, na Garry akavuliwa uongozi. Lakini ukirudisha nyuma kidogo kuna sini Windows, yule wa redio, anapewa funguo na Garry aende kufungulia stoo, anarudi anamkuta Bennings amezungukwa na mikono ya ajabu ajabu, na hapo sikiliza kwa makini, *chwaaa*, funguo zinaanguka chini. Windows anakimbia. Kituo kizima kikatoka nje kumkimbizia Bennings. Nani alibaki na zile funguo dakika kumi zile? Hapo ndo jibu lako. Baada ya hapo Windows anadai alizirudisha na mi namuamini, ila katikati hapo yeyote angeweza kupita. Palmer au Norris. Garry na Copper wote walikuja kuwa watu kwenye kipimo, kwahiyo wale wazee wawili walidhalilishwa bure.

Fuchs alikufaje?

Fuchs ndo alikua msaidizi wa mwanasayansi Blair kwenye maabara, kijana mtulivu, na ndo aliyesema kila mtu ajipikie mwenyewe na ale vya kopo maana chembe moja tu inaweza kutosha. Taa zinazimika maabara, mtu anapita mbele yake gizani, anatoka nje na kimulimuli, anaokota nguo iliyochanika yenye jina la MacReady. Muda mwingine tunaukuta mwili wake umeungua nje kwenye theluji.

Muvi haionyeshi. MacReady anakisia labda alijichoma mwenyewe kabla hakijamfikia. Na mi nakubaliana nae kwa sababu ndogo tu: Kitu hakina faida ya kumchoma Fuchs. Kingemtaka kingemchukua. Moto ni silaha ya watu, siyo ya kwao. Kuna nguo nyingine ya MacReady Nauls akaikuta kwenye kibanda cha MacReady juu, ndo akamkatia kamba kwenye dhoruba akamuacha huko afe. Nani aliziweka? Yule yule anayejua kung'oa lebo. Sema safari hii lebo aliiacha, makusudi.

Blair aligeuzwa lini?

Hapa nakaa muda kidogo maana ndo fumbo zuri kuliko hata la mwisho.

Blair ni mwanasayansi mkuu, ndo aliyepasua maiti, ndo aliyekaa mbele ya kompyuta ikamwambia uwezekano wa asilimia 75 kwamba mmoja wao au zaidi ameshachukuliwa, na kwamba kikifika kwenye watu, dunia nzima itakua imekwisha ndani ya saa 27,000. Piga hesabu, ni siku 1,125, miaka mitatu na kidogo. Akatoa bastola kwenye droo. Kesho yake kachukua shoka kavunja redio, kaharibu helikopta na trekta, kawaua mbwa waliobaki.

Wapo wanaosema hapo alishakua Kitu, anatengeneza vurugu. Mi nasema hapana, hapo ni mtu, tena ni mtu pekee mwenye akili timamu kituo kizima. Amefanya hesabu akaona bora wafe wote 12 kuliko dunia. Kitu kinataka helikopta iwe nzima kuliko mtu yeyote pale.

Wakamfungia kwenye kibanda cha vifaa, peke yake, nje. Baadae MacReady anapita kumchungulia kwenye kitundu cha mlango na hapo dairekta kafanya kitu kimoja kidogo sana, kitanzi cha kamba kinaning'inia hapo karibu yake, Blair amekaa mezani anaongea kwa upole eti nipo sawa sasa, naomba mnirudishe ndani, sitamdhuru mtu. Hakuna anaekizungumzia kile kitanzi. Mtu aliyefunga kamba ajinyonge, ghafla ametulia, anaomba tu kurudi kwa wenzie. Mi nikiona ile sini hadi leo nywele zinasimama. Blair wa kwanza alifunga kitanzi, huyu anayeongea ni mwingine. Alichukuliwa katikati hapo, na waliomchukua hawakua na haraka, walienda tu kibandani usiku, nani alikua anamlinda? Hakuna.

Na mwishoni wanagundua ametoboa sakafu, chini ana pango na anajenga chombo cha kuruka kwa vipuri vya helikopta ile ile aliyoiharibu Blair halisi. Yani vilivyovunjwa ili kisitoroke vikawa ndo vya kutorokea.

Hivi aliyegeuzwa anajijua?

Tazama Norris. Mapema kabisa anaonekana anajishika kifua, anakunja uso. Baadae Garry anavuliwa uongozi, wanampa Norris, anakataa, anasema hajiwezi. Alaf anaanguka, moyo, kweli kabisa, wanambeba mezani, Copper anamshtua na ile mashine ya moyo, na kifua kinafunguka kama mdomo kinamng'ata daktari mikono yote miwili. (Hiyo walitumia mtu ambaye kweli hana mikono, wakamvalisha ya bandia na sura ya daktari. Hakuna kompyuta hapo, 1982.)

Sasa jiulize, kama ni Kitu, kinaugua moyo kwanini? Jibu langu ni kwamba kinaiga sana, kinaiga mpaka ugonjwa. Amekopi moyo mbovu wa Norris na ukamuua. Na hapo inawezekana kabisa Norris yule alikataa uongozi kwa moyo safi, akijiona ni Norris mgonjwa. Kwahiyo kwa Norris nasema labda hakujijua. Kwa Palmer, alijua.

Mbona Palmer ndo aliyewashtua kuhusu kile kichwa chenye miguu?

Ee, swali tamu. Kichwa cha Norris kinajing'oa mezani, kinaota miguu ya buibui, kinatambaa zake kuelekea mlangoni wakati wote wanahangaika na moto. Kinakaribia kutoroka. Nani anakiona? Palmer. Anatoa lile tusi la mshangao ambalo watu wote wanalikumbuka, wote wanageuka, MacReady anakichoma. Na dakika chache mbele kumbe Palmer nae ni Kitu! Kwanini amchome mwenzie?

Kwasababu si mwenzie. Ndo anachokuja kusema MacReady kabla ya kupima damu, kila kipande ni mnyama kamili, kina roho yake, kikiguswa kinajitetea chenyewe. Kichwa kinajiokoa kichwa, Palmer anajiokoa Palmer, na kupata sifa ya kuwa binadamu anaeshtuka kulikua na thamani kuliko kichwa. Ndo maana pia kabla ya hapo, wakigawanywa kwenda kumtafuta Fuchs, Palmer anasema yeye hatoki na Windows, anataka kwenda na Childs (fundi mitambo, ndo yule mweusi wa mtafsiri). Windows anaudhika, Childs nae anamjibu, nani kasema nataka kwenda na wewe. Maneno ya kawaida, lakini yamewagawa. Huyu anajua anachofanya. Ndo sababu yangu ya kivuli.

Windows nae aligeuzwa?

Palmer alimng'ata kichwa akamrusha rusha, alikua ameanza, MacReady akamchoma. Hapo hakuna fumbo. Masikini Windows.

Kwanini kisiwavamie wote mara moja?

MacReady analijibu mwenyewe, kwamba mkiwa nyote ni vitu mngenirukia sasa hivi, kwahiyo baadhi bado ni watu. Kinapenda kujificha, kikiwa hadharani kinachomeka kirahisi. Mi naongeza kwamba muda ulikua upande wake, baridi haikiui, kinaganda tu na kusubiri. Wao wanakufa.

Kipimo cha damu kinaaminika au ni maigizo?

Kwenye hadithi ya 1938 nacho kipo, damu inajitetea. MacReady anachoma waya kwenye moto anauzamisha kwenye visahani vya damu, mmoja mmoja. Windows, yeye mwenyewe, marehemu Copper, marehemu Clark (ambaye yeye MacReady ndo alimpiga risasi, na Clark akakutwa ni mtu, Childs anamwambia basi we ni muuaji), halafu Palmer. Unajua kitakachotokea, umeshaiona mara kumi, na bado unaruka kwenye kiti. Baada ya hapo Nauls, Childs, wa mwisho Garry ambaye bado amefungwa kwenye kochi anasema kwa upole sana halafu kwa ukali sana kwamba asingependa kumaliza majira yote ya baridi amefungwa pale.

Swali la kweli ni kama waya mmoja ulitumika kwa wote bila kuchafuka. Ulikua unachomwa moto kila mara, kwahiyo mi nauamini. Usipoamini kipimo hiki hakuna cha kuongea tena, acha hata kusoma. Nauamini ndo maana nasema Childs alikua mtu *wakati ule*.

Nauls alienda wapi?

Mwishoni chini kwenye chumba cha jenereta, Blair anamshika Garry usoni, vidole vinaingia, anamburuza. Nauls anafuata sauti, anakunja kona. Haonekani tena. Hakuna maiti, hakuna ukelele. Wengine wanaona ni uzembe wa muvi, mi naona ndo kifo kibaya kuliko vyote maana hata sisi tumemsahau.

Haya sasa. Childs mwishoni ni mtu au siyo?

Tupange kwanza. MacReady, Garry na Nauls wanaenda kumpima Blair, Childs anaachwa alinde nyumba kubwa. Wanapokuta kibanda kitupu, Nauls anamuona Childs anatoka nje kuingia kwenye dhoruba, na muda huo huo umeme unakatika. Wakachoma kituo kizima. MacReady amebaki peke yake, amekaa kwenye magofu yanayowaka, Childs anatokea. Ulikua wapi? Nilimuona Blair, nikamfuata, nikapotea. Wanakaa. MacReady anasema kama tuna la kushtuana hatuna nguvu tena, tukae hapa tuone itakuaje. Anampa chupa. Muziki wa Ennio Morricone, *dum dum, dum dum*. Mwisho.

Sasa sisi tuliolelewa pwani tuna tatizo moja na muvi hii. Kwenye hadithi zetu jini anakuja kama mrembo, kama mgeni, kama paka, lakini lazima kuna alama. Ukishtuka angalia miguu, utaona kwato. Kila mtoto anajua. Kwahiyo mtu wetu akiangalia hii muvi anatafuta kwato, na naona wazungu nao wanatafuta kwato tu ila hawaziiti hivo. Nazitaja walizookota:

Mvuke. Eti MacReady anapumua mvuke mwingi, Childs hapumui. Angalia tena, Childs anapumua, ni mwanga tu, MacReady amepigwa na mwanga kwa nyuma na mwenzie hajapigwa hivo. Na zaidi ya hapo Bennings alipokamatwa nje akiwa tayari ni Kitu alipiga ule ukelele na mvuke ukamtoka. Imekufa hiyo.

Macho. Kwamba watu wana nukta ya mwanga kwenye jicho na Vitu havina. Mpiga picha wa muvi, Dean Cundey, amewahi kuzungumzia huo mwanga wa jicho na watu wakalibeba hilo kila kona. Sasa kwenye gizagiza la moto unaowaka nyuma utahesabu vipi nukta? Mi nimejaribu, nimesimamisha picha, nimesogea mpaka pua inagusa skrini, naona madoa ya skrini yangu tu.

Hereni. Hii ilizaliwa baada ya muvi ya 2011, ambayo inaeleza yaliyotokea kwa Wanorwei, na humo Kitu hakiwezi kuiga chuma, kinatema meno ya kuziba na vyuma vya mwilini. Childs mwishoni ana hereni yake sikioni. Kwahiyo ni mtu. Nzuri, ila ni sheria iliyotungwa miaka 29 baadae na watu wengine, na hata ukiikubali, kiumbe kinachojua kung'oa lebo ya chupi kitashindwa kurudisha hereni sikioni?

Koti. Kwamba rangi imebadilika. Ni moto. Moto unabadilisha rangi ya kila kitu, hata ya theluji.

Carpenter mwenyewe kaulizwa mara nyingi kuliko nywele za kichwa chake, na amesema yeye anajua nani ni nani, ila hasemi.

Mi? Naona Childs ni mtu. Na sina kwato hata moja ya kukuonyesha. Sababu yangu ni kwamba angekua Kitu asingekuja. Kila kilichohitajika alishakipata, moto unazimika wenyewe, angeenda zake akalala kwenye theluji mpaka waokoaji waje. Kumsogelea jamaa ambaye kashachoma kila mtu, usiku, kuongea nae, ndo jambo mtu mwenye baridi na upweke anafanya. Ukinibishia sina cha kukujibu.

Na ile chupa ilikua na petroli?

Wanaosema hivo wanakumbuka kwamba walikua wanatengeneza mabomu ya chupa, kwahiyo MacReady kampa Childs chupa ya petroli kumpima, kanywa bila kukunja uso, MacReady kacheka, kamjua. Ni nzuri kuisimulia lakini MacReady ni mlevi wa wiski muvi nzima, sini yake ya kwanza kabisa anamwagia wiski kompyuta ya chesi iliyomshinda (sauti ya ile kompyuta ni ya mwanamke, Adrienne Barbeau, aliyekua mke wa Carpenter). Chupa ni wiski. Kinachonisumbua mi ni kingine, Fuchs alishasema chembe moja inatosha, msichangie kula. Na hawa wawili wanachangia chupa. Ama Childs hajali kwasababu ni Kitu, ama amekubali kufa. Au geuza kabisa, ambaye tunamuangalia vibaya siku zote ni Childs, kumbe mwenye chupa ni MacReady.

Kwahiyo MacReady nae anaweza kuwa?

Alipimwa. Baada ya kipimo alikua na wenzie mpaka karibu na mlipuko. Baada ya mlipuko kuna muda hatumuoni. Nakuachia.

Ni kweli kuna mwisho mwingine?

Walipiga picha sini ambayo MacReady ameokolewa, amepimwa damu, ni mtu. Ilikua tahadhari watu wasije wakachukia mwisho wenyewe. Haikutumika. Kwenye gemu ya kompyuta ya 2002 Childs anakutwa amekufa na MacReady anatokea akiwa hai, lakini gemu ni gemu.

Mbona nasikia ilifeli?

Ilifeli haswa. Bajeti dola milioni 15, ikaingiza kama milioni 19 na ushee Marekani, na waandishi wakaitukana. Ilitoka tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T., watu wametoka kumlilia mgeni mpole wa angani ndo unawaletea huyu. Siku hiyo hiyo ikatoka Blade Runner, nayo ikaumia. Hata muziki wa Morricone ulipendekezwa kwenye zile tuzo za dhihaka za wabovu. Rob Bottin aliyetengeneza yale madude alikua na miaka 22 alipoanza, alifanya kazi bila kupumzika mpaka akaishia kulazwa, na sini ya banda la mbwa ikabidi Stan Winston amsaidie. Leo kwenye kituo cha Amundsen-Scott, ncha ya kusini yenyewe, ndege ya mwisho ikiondoka wanaobaki kwa majira ya baridi wana desturi ya kukaa pamoja kuiangalia. Sijui wanalalaje.

Nianze na ya 1982 au ya 2011?

Ya 1982. Ile ya 2011 iweke siku nyingine, nayo inaishia pale pale nyingine inapoanzia, helikopta inapaa, mbwa anakimbia kwenye barafu.